Maji Yanayong'ata

Sperancia alipiga mstari mwekundu kwenye kioo cha tangi la samaki kwa rangi ya kucha, ili ajue maji yakipungua. Asubuhi yaligusa mstari sawasawa. Saa tisa alasiri, umeme uliporudi baada ya kukatika tangu adhuhuri, yalikuwa vidole vinne chini. Samaki wote kumi na wawili walikuwa wamejibana pembeni, vichwa vimeelekea ukutani, na sebule ilinuka samaki wa kukaanga ilhali siku ile walikuwa wamepika maharage.

"Ainebyona, umechota maji humu?"

"Si mimi, mama," akajibu binti yake wa miaka sita, bila hata kugeuka. "Baba mdogo ndiye anayekunywa."

Sperancia akaacha alichokuwa anafanya. Baba mdogo alikuwa Leonidas, mdogo wake Methodius mumewe, na Leonidas alikuwa amekufa tangu mwezi wa tano. Alizama Mto Kagera akivusha kahawa pamoja na kaka yake, na mwili haukuonekana. Tangi lile lilikuwa lake. Methodius alilihamishia nyumbani kwake Kamuli, akalijaza maji ya mto uleule na mawe ya mto uleule, eti ukumbusho. Mtu mwingine angetundika picha ukutani yakaisha, lakini Methodius alikuwa mnunuzi wa kahawa mwenye sauti kubwa, na alichokitaka ndicho kilichokuwa.

Mama yake, Bibi Xaveria, alikuwa amemwomba jambo moja tu. Kwa desturi ya kwao, maiti isipopatikana, hukatwa kipande cha mgomba kikazikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, kwa jina la marehemu, ili naye apate udongo. Methodius alimkatalia mbele ya watu wote.

"Sisi Walutheri, mama. Hatuziki migomba."

Kesho yake Sperancia alitia mkono kulisha samaki, na maji yakamng'ata. Ndiyo, yalimng'ata. Yalimkamata vidoleni, yakapanda hadi kwenye kiwiko, yakamtupa chini juu ya nyasi ambazo Bibi Xaveria alikuwa ametandika sebuleni kwa ajili ya Krismasi. Alikaa pale, mdomo una ladha ya shaba, kisha akampigia simu Kokushubira, fundi umeme wa Ihanda, mwanamke asiyecheka ovyo, ambaye alifika kwa bodaboda na mkoba wake begani.

"Shikamoo mama," alimwamkia Bibi Xaveria, akapiga magoti na kufunua nyasi. Chini zilikuwa zimelowa chepechepe. Katikati ya unyevu ule ililala ekstensheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isionekane, imebeba plagi ya hita, ya taa na ya pampu ya hewa.

"Nani alificha hii hapa?"

"Mwenye nyumba, mume wangu. Alisema inaharibu sebule."

"Dada, hapa hakuna anayekunywa maji. Pampu mmeiweka sakafuni, chini ya maji yenyewe. Umeme ukikatika haisukumi tena, basi maji yanarudi kwenye mpira wake, yanashuka mpaka hapa. Umeme ukirudi unakuta bwawa. Tena limefunikwa nyasi!" Akagusa ukuta kwa testa, akatikisa kichwa. "Na nyumba yenyewe haina ethi. Hakuna waya unaoshuka ardhini. Umeme ukipotea njia hauna udongo wa kwenda, unamrukia mtu."

Bibi Xaveria alifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Si nilisema mimi?" alinong'ona. "Hana udongo. Hana udongo, waitu, jamani."

Kokushubira hakumjali. Alimwelekeza Sperancia kama anayemfundisha mtoto: pampu ikae juu kuliko maji; waya ulegee, ushuke chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, ili tone linaloufuata lidondokee njiani; asitie mkono kabla ya kuchomoa kila kitu. Na moto ukitokea, maji hapana, maji yataua. Kata swichi kuu, kisha mwaga udongo mkavu. Akajaza ndoo udongo wa barazani na kuiweka nyuma ya mlango, akaahidi kurudi Jumamosi kuchimbia ethi nyuma ya nyumba.

Halafu akachomoa plagi zote tatu.

Hita ikazima. Taa ikazima. Pampu ikaendelea kupiga mapovu.

Wote watatu waliitazama. Waya wake ulikuwa mkononi mwa Kokushubira, plagi inaning'inia hewani, na mapovu yalizidi kupanda, taratibu, kama mtu anayepumua chini ya maji. Fundi aliuachia waya, akakusanya vifaa vyake bila kuvihesabu.

"Msiirudishe," alisema kwa sauti ndogo. "Chochote atakachosema mwenye nyumba, msiirudishe."

Mwenye nyumba aliirudisha jioni ileile. Alichomeka plagi zote palepale kwenye nyasi, na aliposikia habari ya ethi, uso wake ulibadilika.

"Nyuma ya nyumba yangu hachimbi mtu. Si mgomba, si chuma. Mmesikia?"

"Methodius, mtoto anacheza hapa! Ataungua!" Sperancia alilia.

"Nimesema."

Sperancia alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akatambua kwamba ule haukuwa ubishi wake wa kawaida. Mumewe alikuwa anaogopa. Kila usiku Sperancia alimfungia Ainebyona chumbani, na kila asubuhi alikuta mlango uko wazi, mtoto amekaa mbele ya tangi, kiganja chake kimebandikwa kwenye kioo.

Jumamosi ilinyesha tangu asubuhi. Umeme ukakatika saa nane. Sperancia alikuwa jikoni nje aliposikia nyumba inaguruma, friji na redio na taa vikiamka pamoja, akajua umerudi. Mara harufu ya samaki wa kukaanga ikamjia puani. Alikimbia.

Maji ya tangi yalikuwa yamebaki nusu. Hita ilikuwa imetokeza nje, inalia tititi, imeiva nyekundu. Ainebyona alikuwa amesimama juu ya stuli, mkono wake mdogo unashuka ndani.

"Baba mdogo anataka nimshike," alisema.

Methodius alitoka chumbani mbio, akamfikia kabla ya Sperancia. Alimpiga kikumbo, mtoto akaangukia kwenye kochi, na mkono wake mwenyewe wa kulia ukazama majini mpaka begani, na hapo kitu kikaukamata. Sperancia alikiona. Kilikuwa kiganja cheupe kilichovimba, kucha zimejaa tope la mtoni, na kilimkamata Methodius kifundo cha mkono kikamvuta mpaka paji la uso likagonga kioo, kikamvuta tena, na tena, damu ikiruka ukutani, huku hita ikipasuka vipande na ekstensheni chini ikitema cheche za buluu na nyasi za Krismasi zikishika moto upande wa pazia, na Methodius, meno yamekazana, mwili wote unatikisika, akipiga kelele kwa sauti ambayo haikuwa ya mnunuzi wa kahawa bali ya mtoto aliyefumaniwa, "Leonidas, niachie! Lilikuwa gunia tu! Nilikuwa na mikono miwili tu, mmoja wako na mmoja wa gunia, nikauachia wako, nisamehe, Leonidas, niachie!"

Basi ndiyo hiyo. Alimwachia ndugu yake akaokoa gunia.

Bibi Xaveria alitokea mlangoni na ndoo ya maji.

"Mama, hapana! Maji hapana!"

Sperancia aliruka moto, akafika kwenye swichi kuu, akaiangusha. Taa zikazima, friji ikanyamaza. Lakini cheche hazikuzima. Zilizidi. Ndipo kioo kikapasuka chote kwa mshindo mmoja, na mto ukamwagika sebuleni na mawe yake, na Methodius akaanguka chali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeishia kifundoni. Alikuwa anautazama, anautazama tu, kama anayesubiri kurudishiwa.

Sperancia akashika ndoo ya udongo. Alimwaga juu ya ekstensheni, akamwaga juu ya nyasi, akakimbia kuchota mwingine kwa mikono yake, kucha zikikatika, akilia kwa sauti, na nyuma yake Bibi Xaveria naye akatupa konzi kwa konzi akitaja jina la Leonidas kama watu wanavyofanya kaburini. Mpaka udongo ulipofunika ekstensheni yote, ndipo cheche zikafa.

Methodius alikata roho ndani ya pikapu, kabla hawajafika hospitali.

Walimzika kibanjani Jumanne, na kando yake wakazika kipande cha mgomba kwa jina la mdogo wake. Hakuna Mlutheri aliyepinga. Kokushubira alikuja akachimbia ethi. Watu walipekua majivu na vioo vya sebule nzima wakitafuta mkono wa marehemu, ili azikwe mzima. Hawakuuona.

Siku nne baada ya mazishi, nyumba ilikuwa shwari. Swichi kuu ilikuwa chini, hakuna kilichochomekwa popote, na Sperancia aliweza hatimaye kupika bila kunusanusa. Aliweka beseni la maji ya mvua uani, Ainebyona anawe mikono wale.

"Mama," mtoto aliita, "maji hayang'ati tena."

Sperancia akashusha pumzi ndefu. "Ruhanga wange, Mungu wangu. Asante."

"Yananishika tu."

Aligeuka. Mtoto alikuwa ameinama, mikono yake yote miwili iko ndani ya beseni, anatabasamu.

"Ni baba. Amesema safari hii haachii."

Sperancia akamrukia, akamkumbatia kiunoni, akavuta kwa nguvu zake zote. Na ndani ya beseni lile dogo la plastiki, kitu nacho kikavuta.