Rejea ya Ghorofani

— Nimekurejea, Zena! Watu wote hawa mashahidi.

Meza nzima ya wanawake ikaacha kula. Hata mwenye hoteli, aliyekuwa akipampu karabai, aliacha kupampu.

Mwaka wa hamsini na mbili huo, masika yamechachamaa, mto Ruvu umefurika, na basi la kwenda arusini limekwama Kibaha. Abiria wakapanda kula kwenye hoteli ya ghorofa. Ghorofa yenyewe moja tu, juu ya duka, lakini wanawake wa Msimbu walikuwa wakichungulia mapaa ya makuti huko chini na kucheka kama wamefika mbinguni. Zena peke yake hakucheka. Alikuwa amechoka mgongo, amechoka roho.

Na sasa huyu hapa Mwinyimadi, dereva wa lori la korosho, naye kazuiwa na mto. Ndiye aliyemwacha talaka moja kwenye sherehe ya jando la mpwawe, ngoma inalia, wageni wamejaa, eti Zena kamwambia apunguze kelele mbele ya dada zake.

— Karibu ule kwanza, shemeji — alisema Biubwa, shoga wa Zena.

— Sikuja kula. Kitwana, hivyo si inatosha?

Kitwana, utingo wake aliyesoma sana chuo cha Kurani, alijikuna kidevu.

— Inatosha kama eda haijaisha. Ikiwa imekwisha, huna mke. Posa upya, mahari upya, ndoa upya.

— Na atajua nani?

— Mwenyewe. Neno lake ndilo linalopokelewa.

Macho yote yakamgeukia Zena. Eda huhesabiwa kwa hedhi; yake ilikwisha juzi, na aliyejua ni yeye na Mungu wake. Akisema "bado", papo hapo ana mume, ana nyumba, na mama wa kambo hatamnunia tena kila akipakua chakula. Tena Mwinyimadi alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote.

Biubwa akamnong'oneza:

— Sema bado, mwenzangu. Nani atakuuliza?

— Mungu.

— Mungu anakuona ulivyochoka.

— Sema basi, Zena! — Mwinyimadi alishindwa kungoja. — Umeniadhibu vya kutosha. Huoni nilivyokonda?

Wanawake wakaangua kicheko. Kukonda kweli alikonda, shati limegeuka kanzu.

— Imekwisha — alisema Zena. — Juzi.

Mwinyimadi akakaa bila kukaribishwa.

— Ungeweza kusema bado.

— Ningeweza. Tukaishi kwenye haramu mpaka tuzeeke. Uliniacha mbele ya watu, leo unanirudisha mbele ya watu. Mimi mwenyewe utasema nami lini?

Kitwana akakohoa, akashuka ngazi. Biubwa akawazoa wenzake kwenda roshani, eti kutazama mvua.

— Nisamehe ile siku — Mwinyimadi alisema, sauti imeshuka. — Nilikuwa napiga kelele kweli.

— Endelea.

— Sina jingine. Sijui kusema bila watu.

— Jaribu.

Akavua kofia, akajifutia uso.

— Zena, wanitaka?

Hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Posa ya kwanza alikuwa mwari. Shangazi alimsemea, naye kunyamaza kwake kukahesabiwa ndiyo. Machozi yakamtoka, akayaacha.

— Nakutaka. Lakini leo sina nguvu ya kuwa mke wa mtu. Mto ukipungua, nenda kwa baba, unipose kama wanavyoposa watu.

— Na baba akikataa?

— Baba mwachie Mungu. Ila ukinipandishia tena sauti, hata kwa sababu ya maji ya kuoga tu, naondoka mwenyewe. Umesikia?

— Nimesikia.

— Basi kula. Umekonda mno.

Mpunga ulipovunwa, posa ikafika Msimbu. Wazee wakala, wakazungumza yao, wakakubaliana mahari. Siku ya ndoa, mwalimu wa kuozesha akaja na mashahidi wawili hadi mlango wa chumba, akauliza kama bibi arusi ameridhia kuolewa na Mwinyimadi.

Shangazi akajiweka sawa kanga yake, akafungua kinywa kama alivyozoea.

— Shangazi — alisema Zena — pumzika. Hili nalijibu mimi.