Wa Thelathini na Moja

Saa tano kasoro dakika tano asubuhi, mwongozaji wa kundi la pili la watalii alipiga simu ofisini kusema ana mtu mmoja zaidi.

"Zaidi vipi?" Dakika, mpangaji wa safari, akamuuliza.

"Gatini nimekabidhiwa thelathini. Hapa mlangoni nimehesabu thelathini na moja. Nimerudia mara mbili."

Dakika akamwambia arudie mara ya tatu, na safari hii afumbue macho. Alikuwa ameamka na hasira siku hiyo, na mwenye kuzistahili hakuwa karibu, basi zikamwangukia aliyekuwa kwenye simu. Mwongozaji huyo alikuwa mtu mzima, mji wote ukimwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake, lakini alipojibu alinong'ona. Alisema sawa, akakata. Kabla ya saa nane mchana kundi lake likapanda meli likiwa thelathini barabara, kila mmoja na stika yenye namba kifuani.

Ungeweza kusema mtu kakosea, na watu hukosea. Ila Kipaza alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile na hajawahi kupoteza hata mtoto wa kubebwa. Tena mlango aliohesabia ulikuwa ndani ya nyumba ya mama yake Dakika.

Jina la Dakika alibandikwa na kaka yake, mwenye kampuni, kwa sababu dakika ndizo zilizokuwa kazi yake. Kila Jumanne meli ya watalii ilitia nanga saa mbili asubuhi, ikang'oa saa nane, na ilikuwa haimsubiri mtu hata awe nani. Katika saa hizo sita yeye ndiye aliyepanga nani aende wapi: ngome dakika arobaini, soko dakika thelathini, mnara wa saa, vichochoro vya maseremala, kisha gati. Mji wenyewe ulikuwa mdogo na wenye kelele nyingi, muziki ukitoka kila dirisha na baiskeli zikipita ubavuni mwa watu. Shida ilikuwa kichochoro cha soko. Hakikubeba makundi mawili kwa pamoja, kwa hiyo la pili lilibidi liegeshwe mahali kwa dakika ishirini. Zamani waliliegesha kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, mpaka bibi mmoja alipozimia kwa jua na watu wa meli wakaandika barua kali.

Ndipo Kaka aliposema, "Tuwaegeshe kwa Mama."

Nyumba ya Mama ilikuwa nyuma ya soko, ya ghorofa moja, na juu kulikuwa na chumba ambacho wao hawakupata kukiona kikiwa wazi tangu wazaliwe. Aliyekuwa humo Mama alimwita Bwana wa Juu, kwa heshima ile ile aliyompa jirani mwenye mbwa mkali. Masharti ya kuishi naye aliyapokea kwa mama mkwe wake, nayo yalikuwa mawili. Chumba kisifunguliwe, na watu wasihesabiwe ndani ya nyumba. Hata sahani Mama hakuzihesabu. Alizipanga kwa kuzitaja, hii ya baba yenu, hii ya kaka yako, hii ya huyu mchokozi. Anayesikia wenzake wakihesabiwa, aliwaambia, naye hutamani kuhesabiwa.

Kaka aliahidi yote mawili. Kaka alikuwa mwepesi wa kuahidi. Siku Mama alipokwenda hospitali kuangaliwa macho yake, ambayo sasa yaliona vivuli tu, akaleta fundi, kufuli ikang'olewa. Ndani hamkuwa na kitu. Hata vumbi halikuwamo, na hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili, maana chumba kilichofungwa nusu karne hakikosi vumbi bila mfagiaji. Kaka akacheka. Akaamuru iandikwe kwenye ratiba ya wageni: Chumba cha Jini, dakika ishirini.

Na Dakika? Alibisha siku moja, siku ya pili akanyamaza. Tena alifanya baya kuliko kunyamaza. Kanuni ya kazi inasema kundi huhesabiwa penye mlango mmoja, asipenye mtu. Nyumba ya Mama chini ina milango miwili. Chumba cha juu kina mmoja. Basi akiwa ofisini chini ya feni, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Kuhesabu, mlango wa chumba cha juu. Tangu azaliwe hakuwahi kutamka namba ya mtu katika nyumba ile, lakini kwenye karatasi haikuwa nyumba ya mama yake, ilikuwa kituo chenye mlango mmoja. Ndiyo maana hasira zake kwa Kaka zilikuwa chungu mno. Nusu yazo zilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumanne iliyofuata alikwenda mwenyewe. Jua lilikuwa kali, nje muuza madafu anagombana na mwenye mkokoteni, na wageni walipanda ngazi wakichekeana na kupiga picha. Akawahesabu wakiingia, thelathini. Dakika ishirini zilipokwisha akasimama kizingitini, Kipaza nyuma yake, akaanza kuwahesabu wakitoka.

Alipofika ishirini na tano alisikia harufu ya taa ya mafuta iliyozimwa sasa hivi, na katika nyumba ile hapakuwa na taa ya mafuta, na alipofika ishirini na nane akasikia kwamba nyuma ya viatu vya wageni, vizito na vya raba, kulikuwa na mguu mtupu unaokanyaga polepole kama wa mtu anayengoja zamu yake, akasema ishirini na tisa, akasema thelathini, mzee mwenye stika ya mwisho akampita akimwitikia kwa kichwa, chumba sasa kikawa kitupu mbele yake, anauona ukuta, analiona dirisha, na bado ule mguu ulikuwa unakuja, ukamfikia, ubaridi ukampita mkononi kuanzia bega mpaka vidole, na mdomo wake, kwa mazoea ya kazi tu, kabla hajaufunga, ukasema, "Thelathini na moja."

Kipaza akaweka kipaza sauti chake chini, juu ya ngazi. Alisema kwa upole kwamba ana watoto, akashuka, na hakurudi kazini tena.

Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkono ukutani. Alikuwa amesikia.

"Umemhesabu," alisema.

"Mama, sikujua..."

"Ulijua. Wewe ulijua kuliko kaka yako. Yeye ni mjinga, wewe si mjinga." Sauti yake haikupanda, na Dakika alitamani ingepanda. "Ukimhesabu wewe, mtoto wa nyumba, si mgeni kama Kipaza, umempa nafasi ya mtu. Na nafasi za watu hazizidi. Akitoka yeye, ataingia mmoja badala yake."

"Nani?"

"Yeyote wa nyumba hii atakayekuwa karibu."

Dakika akamtazama mama yake, kifua chembamba, macho meupe, mwanamke asiyetoka nyumbani ila kwa kushikwa mkono. Nani mwingine angekuwa karibu? Damu ikamchemka. Alikwenda ofisini moja kwa moja, akafunga mlango, akamwambia Kaka maneno ambayo dada mdogo hamwambii kaka yake.

Dawa ilikuwepo, Mama alimweleza. Aliyehesabu ndiye aifumue hesabu, pale pale mlangoni, Jumanne saa ile ile, kutoka thelathini na moja kurudi nyuma mpaka pasiwe na mtu. Asiruke namba, asisimame katikati, na kiumbe mwingine asivuke kizingiti mpaka amalize. Kwa hiyo Jumanne hiyo kundi la pili liegeshwe kokote kule, hata baharini. Dakika alimweleza Kaka haya yote. Kaka akasema sawasawa, sawasawa. Kaka akisema sawasawa mara mbili ujue hajasikia.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumanne ya tatu, saa tano kasoro dakika tano, Mama alikaa kwenye ngazi ya chini kuzuia njia, na Dakika akasimama mlangoni mwa chumba. Harufu ya taa iliyozimwa ilikuwa imejaa mpaka machozi yakamtoka. Akaanza. Thelathini na moja. Thelathini. Kila namba alingoja, na kila alipongoja alisikia mguu mtupu ukirudi hatua moja ndani, kwa kusita, kwa chuki, kama mtu anayefukuzwa kwenye karamu ambayo alialikwa. Maana alialikwa. Alifunguliwa mlango, akaandikwa kwenye ratiba, akachekwa, na sasa anaambiwa arudi. Dakika aliisikia ghadhabu yake ikipumua, na kwa dakika moja akaona haki iko upande wa Bwana wa Juu.

Alikuwa kwenye kumi na nne aliposikia kipaza sauti.

Kaka alikuwa amepita mlango wa nyuma. Soko lilikuwa limesongamana, meli haisubiri, na yeye hakuwa mtu wa kupangiwa na vizee na majini. Alimruka Mama kwenye ngazi na kundi lote likimfuata, akamsogeza Dakika kwa kiwiko, wageni wakaanza kuingia. "Moja," akasema Kaka kwa sauti yote. "Mbili. Tatu."

"Kaka, ngoja," Dakika alinong'ona, kisha haraka, kabla namba haijakatika, "kumi na tatu."

"Wewe endelea na mchezo wako, mimi nafanya kazi. Nne. Tano."

Hakuweza kusimama. Mama alikuwa akimwambia kutoka chini, usisimame, mwanangu, usisimame, na zile hesabu mbili zikapandana pale mlangoni, moja inapanda na nyingine inashuka, ya mwanamume inacheka na ya mwanamke inatetemeka, wageni wakidhani ni sehemu ya maonyesho wakapiga makofi, na ule mguu mtupu ndani ukawa haujui umtii nani, mara unakuja, mara unarudi, mpaka Dakika akafika mbili na Kaka akafika ishirini na tisa, na mlangoni hapakuwa na mgeni mwingine.

Mmoja alikuwa amebaki melini, tumbo linamuuma. Stika yake ilikuwa mfukoni mwa Kaka. Fomu ilitaka thelathini, na Kaka hakuwahi kupeleka fomu pungufu. Akaitoa stika, akajibandika kifuani.

"Na mimi," akasema. "Thelathini." Akavuka kizingiti.

"Moja," alisema Dakika, na pumzi yake ya mwisho ikatoka na maneno, "hakuna mtu."

Mguu haukusikika tena. Harufu ikakatika. Dakika aliketi sakafuni akalia, akidhani amemaliza.

Wageni walitoka wakimtabasamia. Kaka alitoka wa mwisho, stika kifuani, viatu mkononi. Akaurudisha mlango taratibu, akaipachika kufuli mpya aliyoleta Dakika, akambonyeza bega.

"Asante, dada yangu," alisema.

Katika maisha yake yote Kaka hakuwahi kumwambia mtu asante. Dakika aliinua uso, lakini yeye alikuwa ameshashuka na kundi lake, miguu mitupu, polepole, akampita Mama bila kumgusa. Mama alijikunyata ukutani. Nguo za Mama zilibaki na harufu ya taa iliyozimwa.

Ndipo mlango ulipogongwa, kutoka ndani.

"Dakika!" Ilikuwa sauti ya Kaka, na hasira yake ile ile ya kila siku. "Mmenifungia? Hamna adabu? Fungua, kundi linachelewa!"

Alifungua kufuli. Chumba kilikuwa kitupu. Ukuta, dirisha, sakafu isiyo na vumbi. Sauti ikaendelea kugomba kutoka hatua mbili mbele yake, pasipo mdomo.

"Unanitazama nini? Sema kitu."

Alibaki akiitafuta sauti ile ukuta kwa ukuta mpaka saa nane; alipokimbia gatini akakuta maji tu, meli imeng'oa. Akarudi. Aliita, akaomba, akamtukana aliyeondoka na aliyebaki. Saa nane na robo simu ililia mkononi mwake, afisa wa meli kutoka baharini, mtu mstaarabu mwenye wasiwasi kidogo.

"Samahani, bibi. Tumeng'oa nanga. Lakini tukihesabu, tuna mtu mmoja zaidi."

Dakika akashusha simu. Mbele yake ile sauti ilikuwa imeanza kupungua, kama redio inayoishiwa betri, na Kaka, aliyezaliwa kuamuru, alikuwa anaomba.

"Nihesabu, Dakika. Namba moja tu. Yule ulimhesabu, mimi ndugu yako utashindwa?"

Akafungua mdomo, akaufumba. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine ila yeye na Mama. Aliuma midomo mpaka akaonja damu, na hasira zote za majuma matatu zikakosa pa kwenda, kwa sababu aliyezistahili alikuwa mbele yake anamlilia.

Akasikia ngazi zikilia. Mama alikuwa anapanda, mkono ukutani, akizitafuta kwa nyayo.

"Rudi chini, Mama," Dakika alimwambia. "Alijitakia. Mwache."

"Alijitakia," Mama akakubali. "Tangu utotoni anajitakia. Sogea."

"Mama, usiseme kitu."

Mama alikuwa ameshafika. Alimtoa bintiye mlangoni kwa nguvu ambayo Dakika hakujua bado anayo, akageuza yale macho meupe kuelekea kwenye sauti ya mwanawe, na mwanamke ambaye hakuwahi kuhesabu hata sahani katika nyumba ile akasema, "Moja."

Ndani ya chumba mlio wa viatu vya Kaka ukasikika hatua moja, unakuja.