Pikipiki ya Aidan Yarudi Kihagara

"Kahawa, msiba umeruhusiwa. Peleka chombo nyumbani."

Sauti ilitoka kwenye kidude kilichojificha ndani ya sikio la kushoto la Kunigunda. Alikuwa anashuka kona za kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, mikono juu ya usukani wa Land Cruiser, kitenge kimefungwa kifuani juu ya nguo, bastola ya Glock imelala ndani yake, chini ya kwapa. Nyuma ya gari, kwenye keria ya chuma iliyochomekwa kwenye tundu la kuvutia trela, ilisimama pikipiki nyekundu aina ya Boxer iliyobanwa kwa mikanda minne.

Boxer ya Aidan.

"Nimekupata, Usipa," alijibu.

Kwenye kioo cha pembeni aliziona pikipiki mbili. Zilikuwa naye tangu Mbinga mjini. Akipunguza mwendo, nazo zinapunguza. Akiongeza, zinaongeza.

Ndivyo ilivyotakiwa.

Aidan alikuwa jasusi mwenzake. Watu wa Mbinga walimjua kama bodaboda tu, Mnyasa mwenye maneno mengi anayegombea abiria stendi. Ndani ya maneno hayo alijipenyeza kwenye genge la Dunstan, mtu aliyekuwa akiiba baruti za migodini na kuzikusanya kwa ajili ya mabwana zake wa kigeni. Mabwana hao walitaka kulipua meli ya abiria katikati ya ziwa. Baruti zilikuwa tayari ndani ya boti, mahali fulani ufukweni, na Idara yao ya ujasusi haikujua ni wapi. Kilichokosekana ni rimoti ya kulipulia. Aidan alikuwa ameiiba.

Walimuua kabla hajasema ameificha wapi. Wakamlaza chini ya daraja pamoja na pikipiki yake, wakammwagia pombe kifuani. Idara ikaacha iitwe ajali, maana jasusi hana cheti cha kifo chenye ukweli. Akazikwa kwao Kihagara, mlevi aliyeanguka darajani.

Kunigunda hakuhudhuria mazishi. Hakuruhusiwa.

Rimoti ilikutwa chini ya siti ya Boxer, ambako wauaji hawakupekua. Mafundi wa Idara waliiua isiweze tena kulipua, wakatia kifaa cha GPS ndani yake, wakairudisha palepale. Pikipiki ipelekwe kwao Aidan kama mali ya marehemu, Dunstan apenyezewe habari, aifuate, aichukue, na yeye mwenyewe awaonyeshe boti ilipo. Ili asihangaike, pini ya chuma inayoshikilia keria ilitolewa, ikawekwa nyembamba ya alumini. Gari likiegeshwa, mvuto mmoja wa nguvu tu na keria ingetoka na pikipiki yake juu. Hakuna atakayeumia, alisema Salvatory, mkuu wa operesheni, ambaye ndiye Usipa, na ambaye muda wote huo alikuwa ameketi Songea chini ya feni.

Na hapa tusimwonee Salvatory peke yake. Wazo lilikuwa la Kunigunda. Yeye ni Mmatengo wa Maguu, binti wa wakulima wa kahawa, na kwao kitu cha marehemu kikirudi huachwa uwanjani bila kuguswa mpaka sala iishe. Watu wote wanakuwa ndani. Aliwahakikishia wakubwa kwamba pikipiki itabaki nje peke yake saa nzima.

Hakuuliza watu wa ziwani wanafanyaje.

Alipita Mbamba Bay, akakata kulia kufuata barabara ya vumbi ya ufukweni. Ziwa lilikuwa kushoto kwake, na wanawake walikuwa wameanika dagaa juani kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Ilimuudhi. Kisha akajionea haya kwa kuudhika.

Kwenye njia panda ya Kihagara kundi la akina mama wenye kaniki lilikuwa linamsubiri. Mbele yao alisimama Benadetha, mama yake Aidan, mwembamba na mrefu, macho yaleyale ya mwanaye. Kunigunda alishuka akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe umemleta?"

"Nimeleta pikipiki yake, Mama."

Bibi yule alizunguka nyuma ya gari, akaushika usukani wa Boxer, akaupangusa vumbi kwa ncha ya kaniki. Alisema Aidan alimwahidi kumpakia siku moja wakasali Liuli, na kila alipokuja likizo alikuja kwa basi. Halafu alipandisha nguo yake, akakanyaga keria, akakaa juu ya siti.

Kunigunda alifikiri anataka kukaa kidogo tu.

"Endesha, binti," alisema Ottilia, mdogo wake Benadetha. "Huku kwetu kitu cha marehemu hakiingii nyumbani peke yake. Mama yake ndiye anakipeleka."

Kunigunda alirudi mbele, akajifanya anatafuta kitambaa kwenye dashibodi. Pini ya chuma ilikuwa humo, nzito, baridi.

"Usipa, mama yake amepanda juu ya pikipiki. Naomba nibadilishe pini."

"Usiguse pini. Wanakuangalia."

Kweli walikuwa wanaangalia. Pikipiki mbili zilikuwa zimeegeshwa kwenye kibanda cha vocha, hatua chache tu.

"Ni mtu mzima, Usipa."

"Na kwenye meli wamo watu wazima wangapi? Watoto je? Nenda taratibu. Haitatokea kitu."

Aliifunga dashibodi. Huo ndio ukweli, na hatujaribu kumpamba: aliifunga kwa mkono wake.

Gari lilikwenda kwa mwendo wa waombolezaji. Akina mama walitembea pembeni wakiimba kwa Kinyasa. Kwenye kioo Kunigunda alimwona Benadetha ameketi wima, mikono juu ya usukani wa Boxer, akitikisika kila gari lilipokanyaga jiwe. Alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Ilikuwa safari yake ya kwanza kwenye pikipiki ya mwanaye, na Kunigunda alitamani ardhi imfukie.

Mbele kulikuwa na kijito, kisha kilima kikali.

Gia ya kwanza. Tairi za mbele zikapanda. Uzito wote ukahamia nyuma.

Tak.

Gari likawa jepesi ghafla, naye akajua kabla ya kutazama. Keria ilikuwa imechomoka. Ilianguka kijitoni na Boxer juu yake, na Boxer ilikuwa imelala juu ya mguu wa Benadetha. Akina mama walipiga yowe.

Pikipiki mbili zilifika kabla Kunigunda hajagusa maji. Watu watatu. Wa mbele alikuwa Dunstan, mnene, koti la mvua mwilini na jua linawaka. Alipiga risasi moja hewani, akina mama wakatawanyika. Kisha akaielekeza bastola kwenye kichwa cha Benadetha.

"Hatuna ugomvi na mtu. Tunataka pikipiki."

Benadetha aliikumbatia Boxer kwa mikono yote miwili.

"Mtanichukua nayo," alisema.

Glock ilikuwa chini ya kwapa la Kunigunda. Angeweza kumpata mmoja. Pengine wawili. Wa tatu angebaki na mama. Na hata akiwamaliza wote, boti ingebaki gizani, na watu wengine wangeirithi.

"Mpige risasi," alisema mmoja wa vijana wa Dunstan. "Tunachelewa."

Kunigunda akainua mikono juu na kuanza kulia kama dereva aliyekodiwa. Halikuwa jambo gumu.

"Kaka zangu, mimi ni dereva tu! Tangu Mbinga kuna kitu kinagonga chini ya siti. Kama ni dhahabu chukueni, mimi sijui. Mwacheni Mama wa watu."

Dunstan alimtazama.

Kisha akatoa kisu, akapasua siti karibu na shavu la Benadetha, akaingiza mkono. Mkono ulitoka na rimoti. Alicheka, akaibusu, akairusha juu na kuidaka. Dakika haikuisha, walikuwa wamepotea kwenye vumbi kuelekea ufukweni.

Kunigunda na Ottilia waliinyanyua Boxer. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Kunigunda aliufunga kwa vijiti na vipande vya kitenge chake, akaita gari la wagonjwa kutoka Liuli. Alikuwa bado amepiga magoti majini sikio liliposema.

"Kahawa, tumewapata. Boti, baruti, Dunstan na wenzake wote. Safi sana."

Benadetha alikuwa anaitazama Glock, maana kitenge hakikuwapo tena cha kuificha.

"Ulijua watakuja," alisema.

Jasusi hufundishwa majibu mengi ya swali la namna hiyo. Kunigunda hakutumia hata moja.

"Nilijua, Mama. Na pini mbovu nilijua."

"Aidan alikuwa mwenzako?"

"Alikuwa mwenzangu."

"Walituambia alikuwa amelewa. Padri alilitaja hilo mbele ya jeneza, awaonye vijana." Alikuwa anapumua kwa shida. "Alikuwa amelewa?"

"Kahawa, nyamaza," alisema Salvatory sikioni. "Na hiyo pikipiki irudi. Ni ushahidi."

Kunigunda alikitoa kidude sikioni, akakiacha kiende na maji. Akasimama. Akina mama walikuwa wamerudi mmoja mmoja, wamejaa kingo zote mbili za kijito.

"Hakuwa amelewa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Aidan aliuawa akiwa kazini, kazi ya nchi. Leo kuna meli nzima ya watu watakaofika makwao kwa sababu yake. Padri aambiwe."

Kiapo cha siri alichokula kilikuwa kimevunjika, na atakilipia. Ottilia alianza kulia, kisha wengine, na safari hii walilia kwa kulitaja jina lake bila haya.

Gari la wagonjwa lilikuwa bado mbali. Benadetha alisema atakwenda hospitali, ila kwanza atafika nyumbani. Wakamnyanyua, wakamkalisha juu ya Boxer iliyopasuka siti, wanne wakamshikilia, wengine wakasukuma. Kunigunda aliweka mkono wake kwenye chuma cha nyuma asukume nao.

"Wewe toa mkono," alisema Benadetha bila kugeuka.

Alitoa.

"Siku nyingine uje ulie nasi. Umesema ukweli, nimesikia. Lakini leo, mwanangu, usinisogelee."

"Ndiyo, Mama."

Pikipiki ilipanda kilima polepole katikati ya kaniki. Kunigunda aliichukua keria tupu, akaitupa nyuma ya gari, akageuza kuelekea Mbamba Bay. Mtu angemwona njiani angesema ni mwanamke mtulivu asiye na shida yoyote. Kazini wanamsifu kwa hilo.