Kilichokuwa Chini ya Kiwanda cha Ngozi

Asubuhi ile Fosca Bandettini alifungua pipa la kuzungushia ngozi akakuta ngozi zimeota manyoya upya. Zilikuwa zimeshalala kwenye chokaa, zikakwanguliwa, zikawa nyeupe pe. Sasa zina vinyweleo vilivyolowa, na alipozigusa zilikuwa za moto, zinatoka jasho.

"Shemeji, hebu njoo uone uchafu huu."

Ottorino, mdogo wa marehemu mumewe na mwenye kiwanda, alichungulia akacheka cheko la juu juu. "Chokaa mbovu hiyo. Zirudishe."

Valcupa ni mji wa ngozi. Mto wake hubadilika rangi kufuata mtindo wa viatu wa mwaka huo, na mgeni akishuka kwenye treni hufunika pua kabla hajasalimia. Wenyeji hawanusi kitu. Nusu yao wanakwangua ngozi, nusu wanawauzia mkate wanaokwangua. Kwa hiyo Fosca aliponusa, alijua hii si harufu ya kazi. Ilikuwa tamu, nzito, kama maziwa yaliyochachia kinywani mwa mtu. Ilimfuata nyumbani, ikaingia kwenye supu ya maharage, ikakaa kwenye foronya. Na mchana, mashine zikizimwa watu wakale, chini ya sakafu kitu kilikuwa kikiramba, taratibu, kwa ulimi mpana.

Wiki ilipokwisha akamwita kiwandani bibi Argia, mganga wa kuondoa husuda kwa sala na mafuta. Bibi alidondosha mafuta ya zeituni kwenye sahani ya maji. Mafuta hayakuelea. Yalizama, yakakusanyika, yakawa donge la shahamu linalopwita kama koo la chura.

"Kuna kisima hapa chini, na kuna anayeishi ndani," Argia alinong'ona. "Mlikuwa mnamlisha nini?"

Ottorino alijikuna shingo mpaka ikatoka damu. "Mabaki tu, bibi. Nyama za kukwangua, mafuta, mikia. Tangu enzi za baba. Serikali ilipoleta magari ya kuzoa, tukakiziba kwa zege."

"Basi huyo hana hasira. Ana njaa."

"Tunafukua sasa hivi," Fosca alisema.

"Wakaguzi wakija watatufungia! Watu watakula nini?"

"Shemeji, nimekula harufu hii wiki nzima. Nafukua, hata kwa kijiko."

Wafanyakazi wakashika nyundo, na zege lilipopasuka harufu ikawapanda usoni kama pumzi ya mtu aliyeamshwa, wakatapika palepale, wakainama tena na taa, wakaona kisima kitupu, kuta zake zimerambwa zikang'aa kama sahani, na huko chini tundu pana lililotafunwa kwenye mawe, ute ukidondoka ukingoni mwake, bado wa moto, tundu lenyewe likielekea uwanja wa katikati ya mji.

Mayowe yakasikika kutoka uwanjani, wakakimbilia huko.

Bomba la umma pale, ambalo watu huchotea maji ya kunywa, lilikuwa likitema mafuta ya njano. Argia alimwaga chumvi, akasoma sala zake zote. Bomba likacheua. Kisha sauti laini, yenye mate mengi, ikatoka ndani.

"Nipeni. Mkichelewa, nitapanda majumbani."

Watu wakatazamana. Gualtiero mwuza nyama ndiye aliyetangulia. Alirudi na karai la utumbo, akalimwaga kwenye mtaro chini ya bomba, utumbo ukafyonzwa kwa mlio uliomfanya Fosca azibe masikio. Harufu ikapungua. Maji yakatoka meupe. Mmoja mmoja wakaenda, wakarudi na ndoo.

Fosca aliwatazama, akataka kuwatukana wote, na Ottorino wa kwanza, aliyepiga magoti mtaroni akibembeleza, "Kula baba, kula polepole." Halafu akakumbuka kwamba saa hizi binti yake anamwogesha mjukuu, na beseni liko chini ya bomba la nyumbani.

Alikimbilia kiwandani. Alizoa nyama za kukwangua kwa mikono mitupu, zikimteleza vidoleni, akajaza ndoo, akaja kusimama mwisho wa foleni.

"Sogea, Fosca," jirani yake, aliyefika baada yake, alimsukuma kwa nyuma. "Na sisi tuna watoto."