Uzima, Svetozar

Tihomir aligonganisha bilauri na maiti. Si siri, mtaa mzima ulisikia ule mlio, tena mchana kweupe, kilabuni, siku ya arobaini ya marehemu Svetozar, mhudumu wa hapo. Watu wa Niš, mji wetu huku Serbia, ni wapiga soga wasio na kifani, lakini kwenye karamu ya marehemu hawagonganishi kitu. Humwaga matone mawili sakafuni, husema “Mungu amrehemu,” kisha hunywa kimya. Tihomir, mdomo wake hauna breki, aliiona bilauri ya rakija, pombe kali ya matunda, iliyowekwa mbele ya kiti kitupu cha marehemu, akaigonga na yake.

“Uzima, mzee!”

“Una wazimu?” mkewe Desanka alimnong'oneza. “Unamtakia uzima mtu aliyekufa?”

“Mazoea, mke wangu. Ulimi umeteleza.”

Kabla ngano ya kuchemsha, chakula cha arobaini, haijaisha sahanini, bilauri ya marehemu ilikuwa tupu, na hakuna aliyeigusa.

Kilabu kilikuwa cha Desanka, urithi kutoka kwa babu yake, aliyewauzia Wajerumani supu iliyochacha kwa makusudi na akapona, akasimulia. Kilipitia vita viwili na mafuriko, na Svetozar alihudumu humo miaka hamsini na mmoja, akiburuta mguu wa kushoto. Sasa mguu ule ulianza tena kuburutwa kati ya meza. Desanka aliusikia akimenya vitunguu jikoni. Alipochungulia, ukumbi ulikuwa mtupu, meza zimefutwa, na hewa inanuka nta ya mishumaa na udongo mbichi.

Kisha bilauri zikaanza kulia zenyewe pembeni, na kila zilipolia Tihomir alitetemeka. Aliacha kula. Ndevu ziliacha kuota. Desanka alimshika mkono kitandani akauona una baridi kama chupa ya pishini, akalia kwa woga, kwa kuwa alimpenda yule mropokaji kuliko kitu chochote.

Jumamosi adhuhuri akamleta Bibi Stamena, mganga wa makaa. Bibi alidondosha makaa matatu ya moto katika bakuli la maji. Yote yakazama, ishara mbaya.

“Alitakiwa uzima, naye hana,” alisema kwa sauti ya chini. “Basi anakunywa wa mumeo. Na hayuko peke yake, mwanangu. Mhudumu haji kazini bila wateja.”

“Nifanye nini, bibi?”

“Mfukuze kama mnavyofukuza watu mkifunga. Lakini mtaje jina. Svetozar tu. Akitoka yeye, wenzake watamfuata. Umenisikia? Jina!”

“Nimesikia, bibi.”

Palepale Desanka alisimama nyuma ya kaunta, Bibi kando yake, Tihomir ameketi dirishani na kofia yake magotini, na mguu ukaanza kuburutwa, ukakaribia, ukapita mbele yake na harufu ya udongo ikamjaa kooni, na viti vyote vikalia kwa pamoja kama vinavyolia watu wengi wanapojisogeza ili waketi vizuri, na bilauri zikagongana pembe hii na pembe ile, haraka zaidi na zaidi, hadi midomo ya mumewe ikageuka buluu mbele ya macho yake, na Desanka, ambaye tangu usichana wake alikuwa akiwafukuza walevi wa mtaa ule kila usiku kwa maneno yaleyale, akafumba macho akapiga ukelele aliouzoea:

“Haya, tunafunga! Nyote makwenu!”

“Mungu wangu,” alisema Bibi Stamena. “Umesema nyote.”

Mlango ulifunguka. Viti vilisukumwa nyuma kimoja kimoja, mguu ukaburutwa hadi nje, na nyayo nyingi zikaufuata kwa utulivu. Harufu ikaisha. Kisha Tihomir akainuka, akavaa kofia, akaelekea mlangoni.

Desanka aliruka kaunta akamdaka koti.

“Wewe siyo! Tihomir, mume wangu, wewe siyo! Kwenu ni hapa!”

Aligeuka akamtazama kwa adabu, kama mteja anayemtazama mwenye nyumba asiyemfahamu vizuri. Alimbandua vidole taratibu, kimoja kimoja.

“Hapa ni kilabu, mama,” alisema. “Na umeshafunga.”