Maua Yaliyotazama Kivulini

Kazi ya kwanza ya Mama Miche kila asubuhi ilikuwa kugeuza vyungu. Mmea ni mlafi wa mwanga. Ukiuacha siku tatu hivi unapinda kulifuata jua, na hakuna mteja anayenunua ua lenye kibiongo. Basi aligeuza, akafuta vumbi kwenye majani, akaipanga mbele mimea inayochanua. Chema chajiuza, ndiyo, lakini nacho lazima kionekane.

Jumanne aliikuta safu nzima imelipa jua mgongo. Imeinamia kivulini, chini ya neti, alipoketi kitinda mimba wake wa miaka sita akichora.

"Umevigeuza wewe?"

"Sijavigusa, mama. Nina kiu."

Akampa maji, akampa tena. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa amemaliza jagi zima na midomo yake imepasuka. Vile vyungu, ambavyo siku hiyo havijaona hata tone, vilikuwa vimelowa chepechepe. Palinukia marashi, na kitaluni hapakuwa na ua lenye harufu ile.

Alimwita mganga. Mganga alichota udongo, akaunusa, akaumwaga upesi.

"Huu umeutoa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama Miche akakumbuka. Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliacha chungu mlangoni, akisema amekishindwa, akaondoka bila kugeuka. Mmea wake ulikuwa umekufa, ila udongo ulikuwa mweusi, laini, na Mama Miche hajawahi kutupa udongo mzuri maishani mwake. Aliuchanganya na samadi, akajazia miche yote.

"Huyu aliyemo humu angekuwa kwenye chungu kimoja ningemtoa," mganga alisema. "Wewe umemgawa. Nirudishie udongo wote, kisibaki hata kijiko."

"Miche mingine nimeshauza. Wanunuzi wengine hata siwajui."

Mganga akafunga mkoba wake. "Basi muondoe mtoto hapa, mama. Mimi nimefika mwisho."

Mama Miche alimbeba mwanawe mgongoni, mtoto mwepesi kama kapu tupu, akapita katikati ya safu huku nyuma yake akisikia vyungu vikifyonza, taratibu, kimoja baada ya kingine, kama watoto wanaonyonya, na kila alipopita majani yaligeuka kumfuata, naye hakuthubutu kutazama nyuma wala kukimbia, akatembea hivyo hivyo akilia kimya kimya mpaka akafika kwa dada yake, mtaa wa tatu.

Dada mtu aliwapokea. Akamlaza mtoto kitandani, akaleta maji. Mama Miche aliketi, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi.

Ndipo akaliona dirisha. Jua lilikuwa limejaa pale, na katikati ya jua kilisimama chungu chekundu alichomletea dada yake zawadi, wiki mbili zilizopita. Ua lake lilikuwa limeinamia ndani, kitandani.

"Dada, hiki umekigeuza lini?"

"Mimi? Tangu ukilete hata maji sijakipa. Lakini kione kinavyonawiri."

Mama Miche alikichukua, akakitupa nje, kikapasuka. Akafunga dirisha. Halafu akabaki amesimama, mkono kwenye komeo, akitazama ng'ambo ya njia. Kwenye kibaraza cha jirani kulikuwa na vyungu vyake viwili. Cha nyumba ya pili kilining'inia mlangoni. Vyote vilikuwa vimeanza kugeuka.

Nyuma yake mtoto alilamba midomo.

"Mama," alisema, "maji."