Baba Roboti Anasuka Mabutu

Haya, sogea. Kichwa chako kiko wapi? Kilaze hapa, nikusimulie.

Kabula alikuwa na nywele nyingi. Nyingi kweli, zimesimama tu!

Kesho Mama angerudi kutoka hospitali, amembeba mtoto mchanga.

"Nataka mdogo wangu anione nimependeza," alisema Kabula. "Baba, nisuke mabutu mawili."

Masikini Baba! Yeye alijua kufunga magunia ya pamba tu. Akakusanya nywele zote, akazungusha, akafunga. Kwii!

"Baba! Mimi si gunia!" Machozi yakamtoka Kabula. Sasa nani atamsuka?

Kabula akajifunika shali ya Mama. Ilinukia Mama. Akakumbuka mchezo wa shuleni.

"Baba, wewe ni roboti. Roboti hafanyi ninachowaza. Anafanya ninachosema."

"Bip," akasema Baba.

"Nisuke!"

"Bip. Sielewi."

Kabula akafumba macho. Akaviona vidole vya Mama, vinatembea polepole.

"Gawa nywele pande mbili," akasema. "Upande mmoja, fanya mafungu matatu. Yalingane!"

*Kulia, njoo kati.*
*Kushoto, njoo kati.*
*Vuta polepole. Rudia.*

Suu, suu, suu.

"Basi!" akasema Kabula. Butu la kwanza hilo!

"Sasa upande wa pili, hivyo hivyo."

*Kulia, njoo kati.*
*Kushoto, njoo kati.*
*Vuta polepole. Rudia.*

Suu, suu... Kabula akasinzia.

Nywele zikaisha. Lakini nani wa kusema basi? Roboti akashika matamvua ya shali, akayasuka nayo!

Kabula akaamka, akainuka. Lo! Na shali ikainuka.

"Baba! Umenisuka na shali!"

"Bip. Hukusema niishie wapi."

Kabula akacheka mpaka akashika tumbo. "Haya. Rudia mpaka nywele ziishe. Hapo acha."

Baba akafumua, akasuka tena. Nywele zikaisha. Akaacha.

Kesho yake Mama akafika. Mtoto akakamata butu la Kabula, hataki kuliachia.

"Umependeza, mwanangu! Nani kakusuka?"

"Roboti," akasema Kabula, akimwonyesha Baba.

Mama alikuwa amechoka. Akaketi mkekani, akavua kilemba. "Basi, roboti, na mimi nisuke."

Kabula akamwelekeza Baba, kwa sauti ndogo.

*Kulia, njoo kati.*
*Kushoto, njoo kati.*
*Vuta polepole. Rudia.*

Mtoto akalala. Mama akalala. Kabula akalala.

Roboti akaendelea, suu, suu, mpaka nywele zikaisha.

Hapo akaacha.

"Bip," akanong'ona. Naye akalala.